Wifi wa Begimai

Kila asubuhi Begimai alikuwa akiketi chini, kati ya magoti yangu, jiko likimpasha miguu, nami namsuka. Nywele zake ni nzito, zataka maji ya vuguvugu na chanuo la mti, la plastiki linavunjika meno.

"Mama, unanivuta!"

"Tulia basi. Unajitingisha kama ndama."

Begimai ni mtoto wa mwanangu mkubwa. Huku kwetu Naryn, nchi ya milima, mtoto wa kwanza hupewa babu na bibi, wamlee awe wao kabisa. Ndiyo maana mimi ananiita mama, na aliyemzaa, aliyeko Moscow na mumewe, anamwita kwa jina tu. Mzee wangu alipofariki tukabaki wawili, na ng'ombe mmoja.

Baridi ile alikuwa na miaka kumi na mitano, nami nikaanza kuona mambo. Simu alikuwa akiilaza kifudifudi. Halafu Syrgak, kijana wa darasa la mwisho, akawa anapita langoni na farasi wake mwekundu, na kwao ni upande wa pili wa kijiji.

"Anampeleka farasi kunywa maji," Begimai akaniambia.

"Mtoni kumeganda, mwanangu. Farasi atalamba barafu?"

Akacheka, akageuka ukutani.

Nilijua kwamba kabla ya Nooruz, sikukuu ya majira mapya, lazima mtu aongee naye. Siku ile vijana hupanda mlimani na farasi mpaka jioni, na hakuna anayeuliza nani alikuwa na nani. Lakini mtu huyo hakuwa mimi. Kwetu mama hamwambii binti mambo ya mwili. Kazi hiyo ni ya wifi, mke wa kaka. Wifi humtania msichana, humchokoza, na ndani ya utani humfundisha. Mimi nilifundishwa na wangu tukiwa tunapiga manyoya ya kondoo kwa fimbo ili yatoke vumbi. Nilicheka mpaka fimbo ikanidondoka, lakini siku ya kuolewa nilikuwa najua ninakokwenda.

Wifi wa Begimai ni Tolkun, mke wa kitinda mimba wangu, ambaye kwa desturi yetu ni kaka yake. Na Tolkun naye yuko Moscow, anapiga deki katika duka kubwa.

Basi mwalimu Gulbara, wa biolojia, akaanzisha masomo ya afya kwa wasichana, Jumamosi mchana. Mwalimu aliyemtangulia akifika kwenye sura ile ya kitabu alikuwa akisema, "Hii mtasoma wenyewe nyumbani," anafungua ya wanyama wa baharini. Kwenye kikao cha wazazi mzee Kalybek akasimama na kofia yake.

"Mwalimu, mambo hayo yana wenyewe. Yana mawifi! Unataka kutuvunjia heshima?"

"Basi, aksakal, mzee wetu, waje na mawifi zao," Gulbara akajibu, wala hakupandisha sauti. "Mimi nifundishe, wao wasikie, nyumbani waongee kwa desturi."

Wazee wakaridhika. Ikawa hivyo: msichana aingie na wifi wake, asiye naye abaki nyumbani.

Nilimpigia Tolkun. Nilipanda na Begimai mpaka kwenye jiwe nyuma ya zizi, ndipo simu inaposhika.

"Mama, salaam! Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ongea na Begimai. Unajua... maongezi ya wifi."

"Sasa hivi? Mama, niko kazini, msimamizi ananikodolea macho!"

"Kwa kifupi."

Nikampa mtoto simu, nikashuka niwaache. Sikufika hata zizini, akanifuata.

"Amesema nini?"

"Amesema nijitunze."

"Na nini tena?"

"Akasema, haya, kwaheri."

Jumamosi ilipofika alikaa karibu na jiko, begi la shule mapajani, hatoki. Dirishani nikawaona wenzake wakipita na mawifi, wanasukumana kwenye theluji na kucheka. Msichana mmoja akapaza sauti, "Begimai! Wako mbebe kwenye simu!" Wakaangua kicheko wote. Begimai akavua kiatu kimoja, polepole, akakiweka chini.

Nikachukua kilemba changu cheupe kilichopigwa pasi, koti la marehemu mzee wangu, viatu vya manyoya na mipira ya kuvalia juu yake visilowe.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Vaa kiatu."

Mlangoni mwa darasa wale wanawake vijana waliniona, wakabanana mabega.

"Bibi, umepotea! Pensheni wanalipa posta!"

"Sikufuata pensheni," nikasema. "Leo mimi ndiye wifi wa Begimai. Na wewe, Nurjamal, kabla ya kunicheka, funga kifungo cha gauni, umetoka mbio kama aliyefumaniwa."

Walicheka mpaka mmoja akaketi sakafuni. Mwalimu Gulbara akanivutia kiti cha nyuma, karibu na bomba la joto. Begimai alikaa dirishani, masikio mekundu, hakunitazama hata mara moja.

Nilisikiliza. Gulbara alichora ubaoni kwa chaki, mchoro kama kichwa cha kondoo mwenye pembe mbili, akasema hili ndilo tumbo la uzazi. Akaeleza mimba inaingiaje, magonjwa yanaambukizwa vipi, kinga gani zipo. Akasema neno hapana la msichana linatosha, halihitaji sababu. Nimezaa watoto sita. Lile la mwisho sikuwahi kulisikia.

Tulirudi yeye mbele, mimi nyuma, nakanyaga nyayo zake.

Jioni nilikaa kukamua, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Yeye alikuwa nyuma yangu akipanga vinyesi vikavu vya kuwashia moto. Nikaona hapa ndipo, kwa kuwa hatuonani macho.

"Wifi yako hapa. Uliza."

Maziwa yanagonga ndoo.

"Kuna rafiki yangu," akasema. "Mvulana wake anamwambia mara ya kwanza haiingii mimba."

"Huyo rafiki ana farasi mwekundu?"

Nikasikia anavuta pumzi kama anayetoka kwenye maji.

"Amesema twende naye mlimani siku ya Nooruz," akasema. "Mama, nimeshakubali."

Nilibana chuchu kwa nguvu, ng'ombe akapiga teke dogo. Mama angepiga kelele. Wifi hapigi.

"Basi nikwambie. Mimba ya baba yako wa Moscow iliingia siku ileile ya kwanza. Mzee wangu hata hakuwa amejua nalalia upande gani."

Alicheka. Kicheko kikakatika, akalia, na mimi sikugeuka, nilikamua chuchu ambazo zilikwisha kuwa tupu.

"Na nikikataa atanichukia."

"Achukie. Kukubali kwa jana hakukufungi leo. Umemsikia mwalimu."

Siku ya Nooruz tulikuwa uani tukikoroga sufuria la sumolok, uji wa ngano iliyoota, unaotaka mwiko usisimame. Farasi alisimama langoni. Mluzi ukapigwa, ukapigwa tena. Begimai akaenda mpaka kwenye ubao wa lango, akasema maneno machache. Sikuyasikia. Farasi akaondoka mbio. Yeye akarudi, akachukua mwiko mkononi mwangu, macho mekundu.

"Pumzika, wifi," akaniambia.

Asubuhi iliyofuata nilipasha maji ya vuguvugu, nikaketi na chanuo, nikapanua magoti. Akatoka chumbani tayari amejisuka, mkia mmoja, umekaa upande. Kwetu mama ndiye anayesuka. Wifi hasuki.

"Nimekupunguzia kazi," akasema, akavaa begi.

"Umependeza," nikamwambia.

Mlango ukafungwa. Maji yakapoa kwenye bakuli, nikampelekea ng'ombe.