Blanketi ya Umau

Mtoto akishikilia kitu, usijaribu kumshinda kwa maneno. Nimelea wengi na najua. Lakini Krismasi ile ya 2004 Dolphine alinichosha mpaka nikakaa chini juu ya gunia ya mchele ndani ya duka ya watu.

Tulikuwa Kitengela, kwa Mama Saning'o, anayeuza nguo, chakula na vitu vya nyumba. Dolphine ni mtoto wa kwanza wa kijana yangu Elphas. Wakati huo alikuwa darasa la pili, na ndugu yake Brayo alikuwa bado nasari. Mama yao, Mwelu, ni Mkamba. Wazazi wake wanakaa Kajiado, lakini hawa watoto hawakuwa wamewahi kukanyaga huko. Mzee Muteti, baba ya Mwelu, alikuwa amekataa, na sikumlaumu. Elphas alichukua msichana ya watu akakaa naye miaka yote hiyo bila kupeleka hata mbuzi moja, bila kutuma hata mtu wa kusema neno. Kila nikimuuliza ananiambia mambo ya kazi.

Sasa mama ya Mwelu akatuma ujumbe kwamba anataka kuona wajukuu. Mzee hakusema ndiyo, hakusema hapana. Elphas hangeweza kuingia boma ile mikono mitupu, na Mwelu alikuwa zamu kiwandani. Kwa hivyo ni mimi nitawapeleka. Nilitaka kitu moja tu, yule mzee awaite hawa watoto wajukuu wake.

"Zawadi wachague wenyewe," Mwelu alisema. "Baba akijua ni watoto wamechagua, atalainika."

Haya. Tukaenda kuchagua.

"Takwenya," nikamsalimia Mama Saning'o kwa Kimaasai.

"Iko! Kokoo, leo umekuja na jeshi!" Kokoo ni nyanya kwa lugha yake; wajukuu wangu wananiita Kukhu kwa lugha yetu.

Brayo alichagua mpira. Nikamuuliza Umau yake, babu yao wa Kajiado, atacheza mpira na nani. Akasema, "Na mimi." Nikaurudisha. Akachagua biskuti, na kabla sijageuka akawa ameshafungua. Nikalipa. Dolphine yeye alizunguka duka pole pole kama mama anayenunua kitu ya harusi, akasimama mbele ya blanketi nyekundu ya maua.

"Hii."

"Hapana, mama. Kuja uone sweta."

"Kukhu, Umau analinda stoo usiku. Mum alisema Kajiado kuna baridi mbaya. Sweta haifuniki miguu."

"Basi tumnunulie na soksi."

"Soksi haifuniki tumbo."

"Si sweta inafunika tumbo!"

"Na katikati?"

Mama Saning'o akacheka mpaka akashika meza. "Huyu mpelekeni kortini."

Hapo ndio nilikaa kwa gunia. Kwa sababu ningemwambia nini? Kwa Wakamba, blanketi ya wazazi wa msichana inaletwa na watu waliomuoa. Mbuzi zimetangulia, wazee wamekaa, imepeanwa kwa heshima yake. Ikiingia kwa boma ikiwa imebebwa na mtoto, ni kama kumwambia mzee, msichana wako tumemalizana naye, chukua hii ujifunike. Na mtoto mdogo hivyo utamwambia baba yako hajaoa mama yako vile inatakiwa?

"Kwani ni kwa nini, Kukhu?"

"Kwa sababu nimesema."

"Hiyo si sababu. Mwalimu alisema..."

"Mwalimu haendi Kajiado!"

Nikachukua sweta mbili, ya mzee na ya mama, nikamwachia Mama Saning'o azifunge na karatasi ya Krismasi, watoto watakuja kuchukua asubuhi. Dolphine alitembea mbele yangu mpaka nyumbani bila kugeuka.

Siku ya kwenda, mama ya Mwelu, anaitwa Mbeke, alitupokea kwa lango. Alishika watoto uso, mmoja mmoja, akalia, akacheka, akalia tena. Mzee Muteti alikuwa amekaa nje kwa kiti. Mimi alinisalimia vizuri. Watoto aliwaangalia tu, kama mtu anaangalia ng'ombe ya jirani imeingia kwake.

Brayo akamwendea. "Wewe ni askari wa bunduki ama wa rungu?"

"Wa rungu."

"Ushawahi kupiga mwizi?"

"Bado."

"Utapiga tu," Brayo akamwambia, kumpa moyo, na nikaona mdomo wa mzee umecheza kidogo. Nikasema moyoni, leo Mungu ametusaidia.

Dolphine akaleta mzigo akamwekea kwa magoti. Niliuona tangu asubuhi umefura, nikadhani Mama Saning'o amezidisha karatasi. Mzee akapasua. Nyekundu. Maua.

Nikageukia watoto.

"Tulibadilisha!" Brayo akasema kwa furaha. "Dolphine aliambia yule mama wewe ndio umesema, Kukhu!"

Mzee aliikunjua nusu, akaacha. Mbeke akaangalia chini.

"Hii imetumwa na Elphas?"

"Hapana, mzee."

"Kwa sababu naona ni moja. Mama yake Mwelu atajifunika nini? Na imekuja bila mbuzi, bila mwanaume. Imeletwa na watoto wa shule."

Hakuwa anatania. Na mimi nilishikwa na hasira. Dolphine alikuwa amenidanganya, lakini Elphas ndiye alinikasirisha zaidi. Saa hiyo yeye amekaa kwake, miguu juu ya stuli, na mimi kwa umri wangu nimesimama mbele ya wakwe nikiulizwa mambo ya mwanaume mzima.

Nikaichukua ile blanketi kwa magoti ya mzee, nikawafunga watoto nayo mabegani.

"Hii si yako. Ni ya hawa. Mtoto akienda kulala kwa watu anabeba ya kujifunika."

Hakuna mtu alikuwa amesema mambo ya kulala. Mzee akaniangalia sana.

"Walale wapi?"

"Hapa. Ama hamna nafasi?"

"Nafasi iko," Mbeke akajibu upesi, kabla mzee hajafungua mdomo.

Hapo Dolphine akalipuka. "Si yetu! Ni ya Umau! Nilimchagulia mimi! Kukhu ni mwongo!" Alilia na kupiga miguu chini mpaka kuku wakatoroka.

Mzee alingoja apumue. "Kuja hapa, mjukuu wangu," akasema. "Mtalala nayo nyinyi. Yangu kuna mwenye ataleta, na anajijua."

Akamvuta karibu. Mimi nilikunywa chai, nikaaga. Nikampa Dolphine mkono. Akajifunika blanketi kichwa mpaka miguu, akanigeuzia mgongo.

"Dolphine, Kukhu anaenda."

Akaivuta zaidi.

Nikaenda steji peke yangu. Kile nilitaka nilikuwa nimekipata, na bado nilikuwa nimemkasirikia Elphas, hata sikununua maji ya kunywa.