Yaliyosemwa Kwenye Maombi

Kikundi chao cha maombi kilikuwa na watu watano na sharti moja. Walikutana kila Alhamisi jioni, kazi zikishaisha, katika chumba cha nyuma cha duka la mshonaji, wakakaa kwenye viti vya plastiki katikati ya marobota ya vitambaa. Sharti lenyewe lilikuwa hili: linalosemwa pale linabaki pale. Walilitunga baada ya siri ya mwenzao mmoja kuvuja mpaka sokoni na ndoa yake kuvunjika. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kulikiuka.

Alhamisi ile, mama yake Kiberiti alikuwa wa mwisho kusema.

"Niombeeni binti yangu," alisema. "Juzi Jumanne mazoezini alipigwa teke la kichwa, akaanguka. Tangu hapo kichwa kinamgonga. Jana katapika mara mbili. Na keshokutwa ndiyo mashindano."

Fundi, seremala wa milango na madirisha, alifumbua macho. Mle chumbani ni yeye tu aliyejua uzito wa maneno yale, maana kwenye mashindano ya karate yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Kila mwaka aliwakalisha waamuzi wapya mbele ya ubao akawasomea kanuni: aliyepigwa kichwani akaanguka asikanyage ulingo siku thelathini, na msimamizi yeyote mwenye habari hiyo amwambie daktari kabla ya pambano.

"Dada, umempeleka hospitali?" aliuliza.

"Nikimpeleka watamwandikia apumzike, kaka. Akipumzika, nafasi imekwenda."

Mama huyu alikuwa mfagiaji wa shule, na binti ndiye mtoto wake pekee. Mshindi wa Jumamosi angechukuliwa na chuo cha walimu wa michezo bila kuulizwa alama za mtihani, na mtihani huo Kiberiti alikuwa ameshafeli mara mbili.

"Nyie niombeeni tu," mama alisema, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na wewe kaka, najua kazi yako. Ya hapa ni ya hapa."

Wakaomba. Fundi aliomba kwa moyo wote, mpaka jasho likamtoka, na alipoinuka alijisikia mwepesi, kama mtu aliyeshusha mzigo mlangoni kwa mwenyewe.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulikuwa unanuka dawa ya kuchulia misuli. Wachezaji walipanga foleni mbele ya meza ya daktari wa mashindano. Fundi alisimama hatua mbili kutoka hapo akikagua kofia za kinga: anavuta mkanda wa kidevuni, anabonyeza sifongo la utosini, iliyochanika anaitupa pembeni. Kiberiti akafika, mwembamba, mdomo haulali.

"Shikamoo mjomba. Leo nikishinda utanitengenezea kabati la vikombe?"

"Marahaba. Kwani una vikombe vingapi?"

"Sina hata kimoja. Ndiyo maana nataka kabati dogo."

Fundi akacheka bila kutaka.

"Umepigwa kichwani ndani ya mwezi huu?" daktari akauliza, macho kwenye kadi.

"Hapana."

"Kizunguzungu? Kutapika?"

"Daktari, mimi natapika nikipika mwenyewe tu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Daktari naye akatabasamu, akagonga muhuri.

Fundi alibaki na kofia mkononi. Aliinua macho akamwona mama kwenye benchi la tatu. Hakuwa akimtazama binti yake. Alikuwa akimtazama yeye. Polepole akaweka kidole midomoni.

Fundi akarudisha macho kwenye kofia. Akajiambia kwamba msichana anacheka, anatania, bila shaka Mungu amejibu. Akajiambia tena: nani atakayesimama katikati ya mkeka? Si mimi? Likitokea jambo dogo tu, nasimamisha pambano. Alivyoliwaza ndivyo lilivyozidi kufanana na mpango wa Mungu. Hakujiuliza mpango huo umetoka wapi hasa. Akamfunga Kiberiti kofia kwa mikono yake mwenyewe, akakaza mkanda mara mbili.

Mpinzani alikuwa msichana mrefu wa klabu nyingine. Katika raundi ya kwanza Fundi alisimamisha pambano mara tatu: mara mkanda wa kiunoni umelegea, mara akague kinga ya meno, mara amtazame Kiberiti machoni.

"Unaona vizuri?"

"Naona pua yako, mjomba. Kubwa."

Mashabiki wakaanza maneno. "Mwamuzi, hapa ulingoni au kliniki?" "Mpe na uji kabisa!" Mwalimu wa Kiberiti, aliyekuwa amechuchumaa kwenye kona yake, akapaza sauti: "Fundi, waache watoto wacheze! Tunaongoza!"

Kweli walikuwa wanaongoza, kwa pointi mbili. Raundi ya pili Fundi aliona haya, akalegeza mkono.

Teke lilikuja jepesi. Mgongo wa mguu uliparuza ubavu wa kofia, teke la aina ile ambayo mwamuzi hutoa pointi na kulisahau papo hapo. Kiberiti alitikisa kichwa kukubali pointi ya mwenzake, akarudi kwenye mstari wake, akainua ngumi. Fundi alinyanyua mkono waanze tena, na hapo ndipo alipoona mkono wa kushoto wa msichana unashuka wenyewe. Kabla neno halijamtoka, magoti yalijikunja. Jambo dogo alilokuwa akilisubiri halikuja. Lilikuja lote kwa mara moja.

Hospitalini, daktari wa zamu alitoka mbiombio, karatasi mkononi.

"Mlio naye ni nyie? Amepigwa teke moja tu?"

"Moja, tena jepesi," mwalimu alijibu. "Watu wote wameona."

"Kichwani kuna damu ya leo na damu ya siku kadhaa. Kabla ya leo alipigwa lini?"

Mwalimu akainamia viatu vyake. Mama akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Jumanne," Fundi alisema. "Alianguka mazoezini. Jumatano akatapika mara mbili."

"Wewe nani wake?"

"Mwamuzi."

Daktari alimtazama shati lake jeupe la uamuzi, akarudi ndani kwa kukimbia.

"Umeitoa siri yangu," mama alisema.

"Nimeitoa, dada."

Akakaa kwenye benchi kando yake.

Baada ya saa mbili daktari alitoka tena, safari hii akitembea. Kwa jinsi alivyotembea walishajua. Alisema kwa maneno machache kwamba wamejitahidi na wameshindwa. Mama hakupiga ukelele. Alishika ukingo wa benchi.

"Daktari, kama tungesema asubuhi?"

Daktari alimtazama usoni.

"Asingecheza, mama. Saa hizi angekuwa nyumbani amewanunia."

Kanuni ilimtaka mwamuzi aandike ripoti siku ile ile. Fundi alitoa fomu mkobani. Swali la nne liliuliza kama kuna msimamizi au ndugu aliyekuwa na habari ya maumivu ya awali, na aliipataje.

Mwalimu akamsogelea, sauti chini. "Fundi, tumia akili. Mtoto hatarudi. Ukiandika hivyo tumekwisha, mimi na wewe na klabu. Na huyu mama utampeleka polisi siku hii hii?"

Hilo la mwisho ndilo lililomshika mkono. Akakaa na kalamu hewani. Alijaribu kuomba, lakini kila neno alilolianza liligeuka kuwa lile alilopaswa kumwambia daktari wa mashindano asubuhi.

"Andika," mama alisema.

"Dada, wataniuliza nimeambiwa na nani."

"Si ndiyo nakuambia uandike. Anza na mimi. Mimi nilijua kabla yako." Akamnyooshea mwalimu kidole bila kumtazama. "Halafu yeye. Halafu ujiweke wewe."

Fundi akainama. Karatasi ilitoboka kwenye goti, kalamu ikapenya mpaka kwenye suruali. Mama akausogeza mkoba wake mwenyewe, akamwekea mapajani aandikie juu yake.