Ndoo Iko Kulia

Kabla sijaeleza nilivyotaka kumwachisha kazi mwanamke aliyekuwa akitusafishia nyumba, nikiri kwanza kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Ninashona nguo. Watu hudhani mtu anayeshinda na pini mdomoni hujifunza subira. Hajifunzi subira, hujifunza kunyamaza tu, na mimi hata hilo halikunikaa vizuri.

Huyo mwanamke tulimwita Mtangazaji. Jina hilo alilipata kwa mume wangu, dereva wa lori, siku moja alipokuwa nyumbani akamsikia anapiga deki huku anasema peke yake kwa sauti ya juu: "Ndoo iko kulia. Sakafu mbichi mpaka dirishani. Sasa naingia jikoni." Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama watoto," akaniambia jioni, "huyu mpeni kipaza sauti akatangaze mpira."

Alikuwa mama wa makamo, amenizidi miaka kama kumi, na nje ya kazi alikuwa mkimya kabisa. Alikuja mara tatu kwa wiki, asubuhi, saa ambazo mimi niko dukani na mume wangu yuko njiani. Watoto wako shule ya bweni. Kwa hiyo nyumbani alimkuta baba yangu tu, aliyehamia kwetu baada ya mama kufariki.

Baba alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini. Ni mzee nadhifu, shati limechomekewa hata kama safari yake ya siku nzima ni kutoka kitandani mpaka sebuleni. Akijisifia kitu, ni macho yake. "Mimi nimeshika skrubu ambazo nyinyi mngedhani ni vumbi," alikuwa akituambia, na sisi tulikuwa tukimjibu ndiyo mzee, ndiyo, maana hadithi hiyo tulikwisha kuihifadhi.

Basi kampuni ya mume wangu ikapunguza safari za malori, na Jumamosi moja ambayo sikufungua duka tukakaa sebuleni kuangalia kitu gani kikatwe nyumbani.

"Mtangazaji," nikasema, hata kabla mume wangu hajakaa vizuri.

"Mbona umekuwa na jibu mfukoni?"

Nilikuwa nalo siku nyingi. Yule mama alikuwa akinitia kichaa. Nilikuwa na zulia zuri la sebuleni, na kila nikirudi kazini nalikuta limekunjwa, limesimamishwa nyuma ya mlango kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Nikilitandika, akija tena limekunjwa. Meza ndogo aliisukuma mpaka ukutani, mahali ambapo haimfai mtu yeyote. Kopo la chumvi alilivisha mpira mwembamba wa kufungia, na chupa moja ya dawa ya macho ya baba, ile ambayo mzee alisema ni ya vumbi, nayo akaivisha mpira wake. Kwenye bomba la maji ya moto bafuni alifunga kitambaa chekundu ambacho sikujua kinasubiri nini. Kazi ya saa mbili aliifanya kwa nne. Na siku moja niliporudi ghafla kuchukua mkasi, nilimkuta amekaa kitini, miguu ameinyoosha, anamsomea baba gazeti.

"Ninamlipa asome gazeti!" nikamwambia mume wangu.

"Basi aondoke," akasema. "Wiki ijayo mwambie, umpe na mkono wa kwaheri, mambo yaishe."

Mume wangu ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Mtangazaji alikuwa uani anaanika matambara, na dirisha lilikuwa wazi. Hilo sikulifikiria wakati ule.

Nusu saa baadaye akaja mlangoni, anafuta mikono. "Mama, naomba wiki moja. Binti yangu anakaribia kujifungua, na ni mimba yake ya kwanza."

"Nenda dada, tena usiharakishe," nikasema, na moyoni nikaona mambo yamejipa yenyewe. Ningesafisha nyumba mwenyewe wiki nzima, nijipime, na akirudi nimwambie kwa ushahidi kwamba hatumhitaji.

Jumatatu nilichelewa kufungua duka kwa makusudi. Nikafunga kanga kiunoni nikaishambulia nyumba. Nikatandika zulia. Nikairudisha meza katikati ya sebule, nikaweka juu yake chombo cha maua. Nikaondoa mipira yote, nikafungua kile kitambaa chekundu nikakitupa. Redio ya baba nikaihamishia juu ya kabati, mahali panapopendeza. Kwa saa mbili tu nilikuwa nimemaliza, nimesimama katikati ya sebule najipongeza. Nyumba ilikuwa kama picha ya kalenda. Baba alikuwa bado chumbani, nikamwachia chai mezani nikaenda zangu.

Siku ile niliporudi nikamkuta chumbani. Jumanne, chumbani. "Baba, huumwi?" Akasema haumwi, amechoka tu. Jumatano asubuhi alitoka, amejishikilia ukutani, akaketi, akajitilia sukari kwenye chai, akanywa kikombe chote bila kusema neno. Nilipokiinua kwenda kukiosha nikaona chembe chini, nikalamba kwa kidole. Ilikuwa chumvi. Vijiko vitatu vya chumvi, na mzee amevinywa mpaka mwisho.

Nikaogopa. Nikadhani akili inaanza kumtoka. Kutwa nzima dukani nilishona mikono ya nguo kinyume, nikafumua, nikashona tena kinyume.

Alhamisi nilikuwa jikoni niliposikia kishindo, kisha chombo cha maua kikapasuka. Nikakimbia. Baba alikuwa amepiga magoti juu ya zulia langu, ukingo wake umejikunja chini ya mguu wake, na meza imelala ubavu. Goti linatoka damu kidogo. Miwani yake ilikuwa mbele yake, hata shibiri moja haifiki, na mkono wake ulikuwa unapapasa upande mwingine kabisa.

Nilisimama nikautazama ule mkono. Mkono uliokuwa ukiokota skrubu kama vumbi.

"Nani ameweka meza hapa?" akauliza, kwa upole, kama anauliza saa.

"Mimi, baba."

Nikamwinua, nikamkalisha, nikamfuta goti.

"Baba, huoni?"

"Naona mwanga," akasema. "Naona kuna mtu, ila si nani. Wewe nakujua kwa viatu."

"Tangu lini?"

"Mwaka na nusu. Ni presha ya macho. Yule mama anayetusafishia alinipeleka kliniki. Daktari akasema kilichokwenda hakirudi, matone yanalinda kilichobaki." Akaipokea miwani niliyomwokotea. "Ile chupa yenye mpira ni ya asubuhi. Wiki hii sikujua ipi ni ipi, nikaziacha zote."

Nilitaka kukasirika. Hasira ndiyo kitu ninachokijua vizuri zaidi, na nikaitafuta. Nikamuuliza kwa nini amemwambia mtu wa nje, mimi mwanawe wa kumzaa akanificha.

"Yeye sikumwambia. Alijua mwenyewe wiki ya kwanza. Alisogeza ndoo, nikaikanyaga. Hakupiga kelele, hakunipa pole. Alipokuja tena akaanza kusema, 'Ndoo iko kulia.' Tangu siku ile hajawahi kuweka kitu bila kukitaja."

"Na mimi je?"

"Wewe ulimuuguza mama yako mwaka mzima, ukafunga duka," akasema baba. "Ulipolifungua wateja walikwisha kukuhama, ukaanza upya na kupunguza suruali za watu. Mimi nilikuwepo, na macho wakati ule nilikuwa nayo. Niliona. Nikasema sitakufungisha duka mara ya pili. Nikamwapisha asikwambie."

Hapo nililia. Wala sikulia kistaarabu. Baba akanipigapiga mgongoni, akikosea mara moja moja akanipiga sikioni, mpaka nikacheka katikati ya kilio.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilikuwa nimeishi juu ya chombo mwaka na nusu, nikifua nguo zangu, nikifungua duka langu, nikirudi jioni namkuta baba amekaa kitini amechomekea shati, ananieleza habari za gazetini. Sikujiuliza hata siku moja nani ameunda. Nilidhani ninalipia sakafu.

Jioni ile nilijaribu kuirudisha nyumba ilivyokuwa. Zulia nililikunja, hilo lilikuwa rahisi. Lakini meza ilikaa umbali gani? Redio ilielekea wapi? Baba akasimama mlangoni mwa chumba chake kunisaidia, anahesabu hatua, "sita, saba, hapa pawe na kiti," na kiti hakipo, mimi nimekiweka penye nane. Nikakisogeza, nikakizidisha. Nyumba yangu mwenyewe, nami ndiye mgeni ndani yake.

Mume wangu alirudi Ijumaa. Nikamweleza yote. Akaweka funguo za lori mezani.

"Nami nilimcheka," akasema.

"Ulimcheka, na mimi nilitaka kumfukuza. Sote wawili tuna la kujibu. Sasa kitu gani kikatwe?"

Macho yetu yakaenda pamoja kwenye king'amuzi, kile kinachomletea mechi zake kila wikendi. Kwa mume wangu mpira si mchezo.

"Mechi nitazisikiliza redioni," akasema mwishowe. "Na mzee. Tutakuwa hatuoni wote."

Tangu tuoane sijawahi kumpenda kama dakika ile.

Jumatatu, Mtangazaji akaja. Lakini hakuwa amevaa nguo zake za kazi. Alivaa gauni la kutokea, ameshika mkoba, akasimama kizingitini.

"Binti amejifungua?" nikauliza.

"Mtoto wa kiume, mama. Wote wazima." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Mimi nimepita mara moja tu, sitakaa. Najua mmeamua. Sikuwa nasikiliza kwa makusudi, ila baba watoto sauti yake unaijua. Siwalaumu. Lakini kuna jambo siwezi kuondoka nalo. Niliapa nisiseme, na leo nitasema, Mungu atanisamehe. Ni kuhusu mzee."

"Najua, dada. Ameniambia."

Akanitazama. Hakuuliza amesema nini wala amesema lini. "Alianguka?"

"Alijikwaa. Goti tu."

"Mezani?"

"Mezani. Na kwenye zulia."

Akafumba macho kidogo. Kama ningekuwa mimi, ningesema maneno ambayo yangekumbukwa mtaani. Yeye akaweka mkoba chini, akavua viatu. "Basi nikuonyeshe vinavyokaa," akasema. "Hata asipokuwepo mtu mwingine, wewe ujue. Nilikuja kwa hilo."

Yaani alikuja kumfundisha kazi mtu aliyemfukuza. Alikuwa amesafiri asubuhi, amemwacha mjukuu wa siku nne, ili baba yangu asijikwae kwa ujinga wangu. Nilishukuru mpaka nikakosa pa kuiweka ile shukrani. Nikamshika mikono yote miwili, imekauka kwa sabuni.

"Nionyeshe," nikamwambia, "lakini usiondoke. Siku ni zile zile tatu, na ujira wako ni ule ule. Na unisamehe."

"Nikusamehe nini, mama? Ulikuwa unapanga nyumba yako."

"Niliipanga bila kumwuliza anayeishi ndani."

Akacheka, mara ya kwanza kumsikia. Kisha akafungua mkoba, akatoa mipira miwili ya kufungia na kitambaa chekundu kipya. Alijua nitakuwa nimevitupa.

Akanifundisha. Meza ukutani, shibiri nne kutoka pembeni, zipimwe kwa mkono wake kwa sababu wangu ni mdogo. Kiti hatua saba, hatua za mzee, si zetu. Kikombe, mkono wake wa kushikia uelekee kulia. Redio isipande juu ya kabati hata kwa bahati mbaya, maana mzee huifuata sauti yake akitaka kujua kiti kiko wapi. Akanifumba macho kwa ile kanga yangu, akaniambia nitembee kutoka chumbani mpaka jikoni. Nilipigiza kidole cha mguu mara mbili.

"Pole," akasema baba kutoka kitini. "Wiki ya kwanza ni ngumu." Alikuwa ametoka chumbani peke yake, hatukumsikia hata alipokaa.

Saa tatu ikakaribia. Wateja wangu watakuwa wamesimama mlangoni mwa duka. Nikachukua mkoba wangu, nikaurudisha, nikamwendea baba.

"Leo nisifungue? Nikae na wewe?"

"Ukae ufanye nini? Utatuhamishia meza." Akanyoosha mkono akakipata kikombe mara ya kwanza, bila kupapasa, akanywa. "Nenda kafungue duka, mwanangu. Chai ina sukari."

Nikavaa viatu mlangoni. Nyuma yangu Mtangazaji alikwisha kuanza, "Ndoo iko kushoto leo, mzee, kushoto," na baba akamjibu, "Nimeisikia." Nilipokuwa nafunga mlango nikakumbuka kitu, nikaufungua tena, nikaingiza kichwa ndani.

"Kandambili zangu nimeziacha hapa mlangoni, baba," nikasema kwa sauti ya juu. "Mkono wa kulia."