Sahihi Aliyoikataa Mama Colette

Mama Colette alikuwa ametengeneza jibini kwa miaka kumi na tisa katika laiterie, kiwanda kidogo cha maziwa cha shamba moja la ng'ombe juu ya Mushaki. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuitwa ofisini mara mbili kwa siku moja. Jumatatu ile aliitwa mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyomtoa kazini.

Asubuhi Honoré, msimamizi wa shamba, alimsukumia karatasi juu ya meza. Ilisema kwamba Nestor, mkamuaji aliyekanyagwa na fahali na kuvunjika nyonga siku kumi zilizopita, alikuwa amelewa siku hiyo. Kwa hiyo ajali ilikuwa kosa lake mwenyewe, na shamba halikuwa na wajibu wa kumtibu. Chini kulikuwa na majina ya wafanyakazi tisa, na kila jina lilikuwa na sahihi yake.

"Tia yako hapa," Honoré alisema. "Wewe tu njo umebaki."

"Nestor hakukunywa. Nilikuwa mulangoni, niliona. Fahali alikata kamba. Ile kamba ilikuwa imeoza, na Nestor alikuambia mara mbili uibadilishe."

"Sikukuuliza mambo ya kamba."

"Basi usiniulize na mambo ya pombe."

Honoré alimtazama kama anayetazama mbwa aliyeingia ndani. Alimwambia arudi kwenye sufuria zake. Alasiri alimwita tena na kumpa barua yenye mistari miwili: ameachishwa kazi kuanzia siku hiyo kwa kukosa heshima kwa wakubwa. Akamwambia avue aproni aiache palepale.

Alipopita katika chumba cha jibini, au fromaji kama walivyoiita wao, kuchukua kitenge chake, hakuna aliyeinua kichwa. Wanawake wanne waliendelea kukoroga maziwa. Mmoja wao alikuwa Fifi, mke wa kaka yake, ambaye Mama Colette mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale. Fifi alimfuata hadi nje.

"Umefurahi sasa?" Fifi alisema. "Patron Honoré iko anasema kama maneno ikifika mbali, laiterie itafungwa. Batoto yetu bakule nini? Na yote hii juu ya muntu wa Walikale, hata si ndugu yako."

"Fifi, wewe hata hukukuwa hapa siku ile."

"Nyamaza," Fifi alisema kwa sauti ya chini, akarudi ndani.

Ilikuwa kweli. Siku Nestor alipoumia, Fifi alikuwa Bweremana akimzika mama yake. Alitia sahihi kwamba aliona jambo ambalo hakuliona. Mama Colette alilijua hilo, na aliamua kwamba hatalitamka mbele ya mtu yeyote. Yalikuwa mambo ya nyumba yao.

Nestor mwenyewe hakuwepo tena. Ndugu zake walikuwa wametoka Ntoto, upande wa Walikale, wakambeba kwa machela kumrudisha kwao, kwa kuwa shamba lilikataa kumpeleka hospitali.

Miezi michache kabla ya hapo, baada ya misa, karani wa kijiji alikuwa amesoma barua ya ofisi ya teritware, yaani wilaya, iliyoko Masisi. Ilisema hakuna mwajiri atakayemfukuza mtu bila sababu iliyoandikwa, bila kumsikiliza, na bila kuijulisha ofisi ya kazi. Watu walicheka. Mama Colette naye alicheka. Sasa aliikumbuka barua ile, na kesho yake akaamka mapema akapanda pikipiki hadi Masisi.

Afisa wa kazi aliitwa Esdras. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye kikohozi na koti lililochakaa, na hakumkaribisha kiti.

"Kila muntu anayekuja hapa anasema anaonewa," alimwambia. "Nitajuaje kama wewe siye muongo?"

"Nenda uulize Nestor."

"Nestor iko wapi?"

"Ntoto."

Esdras alikohoa. "Unajua barabara ya kwenda Ntoto, Mama?"

"Ninaijua. Yeye alipitishwa huko na nyonga iliyovunjika."

Afisa aliandika maelezo yake polepole, akamsomea, akamwambia aende nyumbani asubiri.

Kusubiri kulikuwa kugumu kuliko alivyofikiri. Kijijini Mushaki wanawake walimpisha kisimani bila kumwamkia. Kaka yake Edmond alikuja jioni moja, akakataa kuketi, akamwambia kwamba laiterie ikifungwa asihesabu tena kuwa na kaka. Mtu alimwaga kinyesi cha ng'ombe mlangoni pake. Alikiondoa kwa jembe, akaosha kizingiti, na kesho yake akakikuta tena.

Wiki ya tatu ikapita. Esdras alikuwa amekwenda Ntoto, siku mbili kwa pikipiki na kwa miguu, na alikuwa amerudi. Aliwaita wote katika ofisi ya kijiji: Honoré, Mama Colette, na wale tisa waliotia sahihi. Chumba kilijaa. Mama Colette alisimama peke yake upande wa dirisha, kwa sababu kila benchi alilolikaribia watu walijitandaza.

Honoré alianza kwa kicheko. "Papa inspecteur, hii ni kazi yetu ya ndani. Huyu mama ananitukana mbele ya bantu. Mimi niko na haki ya kuchagua nani anatumika kwangu."

"Alikutukana na neno gani?" Esdras aliuliza.

"Alikataa amri yangu."

"Amri ya kufanya nini?"

"Ya kutia signature."

"Kwa hiyo sababu ya kumufukuza ni ile karatasi." Esdras aliinua karatasi ya majina tisa. "Tuone karatasi yenyewe. Nani kati yenu aliona Nestor akiwa amelewa?"

Mikono tisa iliinuka, mingine ikifika begani tu. Esdras aliwatazama mmoja mmoja, akasimama kwa Fifi.

"Mama Fifi. Nestor ananiambia siku moja mbele ya ajali alikubebea mufuko mpaka barabarani. Ulikuwa unaenda Bweremana kwa kilio cha mama yako. Ni bongo ao ni kweli?"

Fifi alimgeukia Mama Colette. Macho yake yalikuwa na chuki tupu.

"Wewe njo ulimwambia," alisema.

"Sikusema neno," Mama Colette alijibu.

"Ni Nestor aliniambia," Esdras alisema. "Na padri wa Bweremana ameniandikia tarehe ya mazishi. Ninakuuliza tena. Ni bongo?"

"Haiko bongo," Fifi alisema, akaketi.

Mtu wa nyuma alitukana, haikujulikana alimtukana nani. Kisha mkamuaji mzee aliyeitwa Nzabandora akasema bila kuinuka kwamba yeye pia hakuona pombe. Alitia sahihi kwa sababu aliambiwa atie. Wengine wawili wakasema vilevile. Waliobaki walitazama sakafu.

Honoré alikuwa amesimama. Alimwelekezea Fifi kidole. "Wewe, muongo, usirudi kwangu kesho."

"Atarudi," Esdras alisema.

"Amekubali amedanganya."

"Uongo uliandikwa ofisini mwako. Na hata kama ungekuwa wake peke yake, hutamufukuza kwa kidole. Utaandika sababu, utamusikiliza, na mimi nitajua. Ni sawasawa kwake na kwa huyu." Akamwonyesha Mama Colette kwa kichwa. "Huyu anarudi kazini kesho, pahali pake palepale. Na Nestor atapelekwa hospitali na gari ya shamba wiki hii. Ukikataa, utaelezea korti, si mimi."

Esdras aliandika uamuzi huo, na Honoré akautia sahihi kwa nguvu hata kalamu ikapasua karatasi. Alipokuwa akitoka alisimama mbele ya Mama Colette.

"Utatumika kwangu mpaka uzeeke, na sitakusalimia hata siku moja."

"Nitakuja kufanya fromaji," Mama Colette alisema.

Nestor alifikishwa hospitali siku ya sita. Mfupa ulikuwa umeanza kuunga vibaya, madaktari wakauvunja tena kuunyoosha. Alipona, lakini mguu mmoja ulibaki mfupi, naye hakutaka tena kusikia habari za ng'ombe. Alibaki Ntoto, akilima mihogo kwa kukaa juu ya kigoda. Alimtumia Mama Colette salamu kupitia mchuuzi mmoja, mara moja tu.

Kuhusu laiterie, haikufungwa.

Asubuhi ile ya kwanza ya kurudi kazini Mama Colette alikuta aproni yake haipo. Hakuuliza. Alijifunga kitenge cha zamani, akawasha moto, akapima maziwa. Wanawake walizungumza wao kwa wao kwa kunong'ona, wakanyamaza alipopita. Aliona kwamba ingekuwa hivyo kwa muda mrefu, huenda kwa miaka. Ilimuuma, na hakujidanganya kwamba haimuumi.

Sufuria kubwa ilipofika moto wake, ilihitaji watu wawili kuiteremsha. Alisimama upande mmoja akangoja. Hakuna aliyekuja. Maziwa yalianza kupanda. Mwishoni Fifi ndiye aliyetupa mwiko wake chini, akaja, akakunja kitambaa mikononi.

"Usifikiri nitakushukuru," Fifi alisema.

"Shika chini zaidi," Mama Colette alisema. "Hapo juu utaungua."

Wakaiinua.