Filimbi ya Mzee Njuki

Mzee Njuki alikuwa na macho mawili mazima, na bado alisimama mbele ya kijiji kizima akatangaza kwamba viazi vyake vimemwagiwa maji ya moto usiku. Njuki ndiye aliyekuwa hedimani wetu, msimamizi wa kijiji pale Kibugu, mwaka ule wa hamsini na tano, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipotufungia vijijini. Filimbi ilikuwa yake, orodha ya majina ilikuwa yake, na shamba kubwa kuliko yote kando ya kijito lilikuwa lake pia.

"Mtu ametoka nje na ni kafyu," alisema. "Tutamshika."

Maji ya moto. Kuni za kupikia uji hatukuwa nazo, tungetoa wapi za kuchemshia maji ya kumwagia shamba?

Mimi nimezaliwa upande wa Meru, juu kabisa, ambako baridi ni mwenyeji. Jalidi naijua tangu utotoni. Ni umande unaoganda juu ya majani kabla ya mapambazuko, mweupe kama chumvi, na jua likiupiga ukiwa bado haujayeyuka, jani linakuwa jeusi na kulegea kama limechovywa kwenye chungu kinachotokota. Watu wa Kibugu hawakuwa wakiijua, kwa sababu msitu ulikuwa umesimama hadi ukingoni mwa mashamba yao ukiwakinga. Lakini mwaka ule tuliamriwa tuukate, upana wa maili nzima, ili wapiganaji waliojificha ndani wasiweze kutoka bila kuonekana. Tuliukata sisi wanawake kwa panga zetu, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Hakuna aliyetuambia kwamba baridi nayo ingeteremka kupitia hapo hapo tulipofyeka.

Nilikuwa na matuta sita ya viazi kando ya kijito, na mawili yalikuwa yameshaungua. Manne yaliyobaki yalihitaji wiki mbili tu niyachimbe. Mume wangu Mutegi alikuwa kizuizini huko Mwea, na mimi nilikuwa na watoto wanne, mkubwa wao Lenah wa miaka kumi na mmoja. Viazi hivyo ndivyo vingetufikisha kwenye mavuno ya maharagwe. Sikuwa na mpango mwingine.

Dawa ya jalidi ni moja: kuosha majani kwa maji ya kijito kabla jua halijafika. Kwa baba yangu tuliamka wote na vibuyu, wakubwa kwa wadogo, na wakati wa chai shamba lilikuwa zima. Lakini Kibugu tulifungiwa ndani ya ua wa kijiji hadi filimbi ya saa mbili, na jua lilifika bondeni saa moja na nusu. Nilimwendea Njuki nikamweleza hayo yote taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake aliisogeza filimbi hadi saa tatu, ili amnase huyo mtu wa maji ya moto.

Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Halafu nikamrudia.

"Mzee, hiyo ni baridi. Hakuna mtu."

"Baridi inachoma? Mama Lenah, umesikia wapi baridi ikichoma?"

"Nitoe alfajiri na askari. Nitaosha shamba yangu, wewe uone."

"Nikiona yako itanisaidia nini? Osha yangu."

"Yangu ni ndogo, mzee. Inaisha mara moja."

"Ni yangu ama ubaki ndani."

Mwenye nguvu mpishe. Nilikubali, nikijiambia kwamba akishaona kwa macho yake atafungua lango kwa wote, na huenda jalidi itakayofuata ikaniachia hata tuta moja.

Jalidi ilianguka siku ya tatu. Nilitolewa langoni na Misheck, homgadi, yaani askari wa kulinda kijiji, kutoka Muthara huko kwetu Meru, bunduki yake ameifunika kwa blanketi. Bonde zima lilikuwa jeupe na nyasi zilikatika chini ya nyayo zetu. Njuki alikuwa na matuta sita yaliyosalia. Nilichota, nikamwaga, nikachota tena, hadi vidole vikaacha kuwa vyangu. Shamba langu lilikuwa ng'ambo ya kijito, hatua ishirini tu.

"Misheck, mwana wa kwetu, niache nivuke. Ni matuta manne tu."

"Amri ni shamba ya mzee."

"Wewe pia umezaliwa kwenye baridi. Unajua hii ni nini."

"Najua," alisema akitazama miguu yake. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini mimi sikuulizwa, mama."

Alijua. Wiki nzima alijua na akanyamaza, na bunduki begani. Sikuwa na muda wa kumtukana.

Nilikuwa nimemaliza tuta la tatu la Njuki jua lilipoteremka kwenye mteremko wa ng'ambo. Lilifika kwangu kwanza. Majani yangu yalimetameta kidogo, kisha yakalala. Niliendelea kumwaga maji kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea, lakini nililia, na Misheck akageuka upande mwingine.

Adhuhuri Njuki alikuja kutazama. Matuta matatu niliyoyaosha yalikuwa ya kijani, na matatu nisiyoyafikia yalikuwa meusi. Alitembea katikati yake mara mbili. "Kumbe," alisema. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini wahenga hawakukaa na Njuki. Pole hakunipa. Jioni alitangaza kwamba kukiwa na jalidi filimbi italia alfajiri, na kila mwanamke ataanza kwa kuosha matuta matatu ya Njuki, kwa kuwa Bwana Shauri, yule afisa Mzungu wa wilaya, anakuja kukagua, halafu ndipo aende kwake.

Mimi nilichimba viazi vyangu siku ile ile. Vilikuwa vya ukubwa wa gololi. Tulivila mara tatu vikaisha.

Siku ya nne baada ya tangazo hilo jalidi ikarudi, na filimbi ikalia kabla hakujapambazuka. Wanawake walishuka mbio na vibuyu, madebe na sufuria. Njuki alikuwa amesimama mbele ya shamba lake, mikono ameitandaza kama anayezuia mbuzi. Walimpita kulia na kushoto. Hakuna aliyekuwa amepanga, ila kila mmoja alikuwa ameshajua jua linachukua muda gani kufika. Njuki alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamvimba. Mimi nilifika mwisho, nikitembea, maana sikuwa na cha kukimbilia.

"Mama Lenah," aliniambia, "wewe huna shamba ya kuosha. Anza hapa."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniuma. Niliyatazama matuta yake matatu, meupe, yale yale niliyoyaokoa kwa vidole vyangu nikiviangalia viazi vyangu vikifa.

"Mzee," nikamwambia, "hiyo ni maji ya moto. Ngoja mwenyewe aje umshike."

Nikampita nikaenda kwa Virginia, jirani yangu aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni, nikaanza tuta lake la mwisho. Hakuinua kichwa, alinisogezea debe tu. Jua lilipofika kwa Njuki, filimbi ilinyamaza.

Kwa maneno yale nilipewa adhabu ya wiki mbili za kuchimba handaki kando ya msitu, kutoka filimbi hadi jioni. Niliilaani kila siku, na sikujuta hata siku moja. Siku ya mwisho nilirudi nyumbani nikakuta karai la viazi mlangoni, vikubwa, bado na udongo wa kijito, kutoka matuta tuliyoyaosha asubuhi ile. Lenah alikuwa amesimama kando yake akiwazuia wadogo zake wasiviguse. Alikuwa ameshajifunza kijiji chetu kilivyo, kwamba kugusa cha mtu huleta adhabu.

"Mama, ni vya nani?"

"Ni vyetu," nikamwambia. "Teleka maji yachemke."