Nyota ya Kona Kumi na Sita

Mama Libérate alikileta kile kitambaa siku ya Jumamosi asubuhi, kimefungwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, akakikunjua juu ya meza ya Koko Sidonie kabla hata ya kukubali kiti. Kilikuwa cheupe, kimefumwa kwa kroshe, umbo la nyota yenye ncha nane. Katikati palikuwa pamekamilika zamani, kazi ya mkono mzuri. Kilichokosekana ni pindo la kukizunguka.

Akaeleza desturi ya ukoo wa marehemu mume wake, watu wa Nyakabere kule kwenye mashamba ya Ruzizi. Kijana akitaka kuoa, mama yake hupeleka kitambaa kwa binti, na binti hukitia pindo kwa mkono wake mwenyewe. Akiweza, kinatandikwa mezani siku ya mahari. Akishindwa, hakuna ndoa, na hakuna kujaribu mara ya pili. Mtoto wake Protais, mwenye mashini ya kukoboa mpunga, alikuwa amemchagua Fanny, mjukuu ambaye Koko Sidonie alimlea pale Kasenga tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Fanny alikipokea kwa mikono miwili huku akicheka. Mama Libérate hakucheka. Alisema kazi ni ngumu, na kwamba wasichana wenye akili wameshindwa, na kushindwa si aibu. Alilisema mara mbili. Kisha macho yake yakaangukia kikapu cha Koko, kimejaa nyuzi na sindano za kroshe za kila unene, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia mlango ukifungwa nyuma yake. Akauliza ni nani anayefuma hapa nyumbani. Fanny akajibu kwa majivuno kwamba Koko anajulikana mpaka Rugenge. Mama Libérate akaomba maji, akanywa kidogo, akaondoka.

Fanny alijaribu siku mbili. Kitambaa cha kona nne hata mtoto wa shule anakimaliza, lakini nyota ina kona kumi na sita, nane za kutoka nje na nane za kuingia ndani, na hizi za ndani ndizo zinazoaibisha watu. Kwenye ncha unatia vitanzi vitatu katika tundu moja, ili uzi upate nafasi ya kugeuka. Ukishuka ndani unafanya kinyume chake: unaruka matundu mawili, unavuta, unapita. Fanny alitia sawasawa kila mahali. Pindo likajaa mawimbi, nyota ikajikunja kama jani lililopitiwa na moto. Jumatatu jioni akamsukumia Koko kitambaa mapajani, machozi yakimlengalenga.

Koko alijua desturi inadai mkono wa binti. Lakini alikuwa na miaka sitini na nane, na katika hiyo yote hakuwahi kukaa akitazama uzi ukiharibika mbele yake. Akafumua kazi ya Fanny, akavaa miwani, akaanza upya.

Kwenye kona ya tatu aliona kitu. Mfumaji akimaliza uzi mmoja, huacha mkia mfupi na kuuficha ndani ya vitanzi ili usionekane. Hapo palikuwa na mkia usio wa Fanny wala usio wa katikati: mweupe kama chaki, umezama ndani kabisa. Koko alifikiri ni mahali palipopasuka na kutengenezwa. Akauchomoa, akauweka pembeni, akaendelea. Kwenye kona ya nane akapata mwingine, wa rangi ya maziwa. Kwenye kona ya kumi na mbili akapata wa tatu, wenye buluu ya kufulia nguo. Na matundu yote ya ukingo, alipoyashika juu ya mwanga wa dirisha, yalikuwa yamelegea kuliko ya katikati. Kroshe ilikwisha kupita humo, ikazunguka nyota nzima, si mara moja. Mapindo matatu, mikono mitatu, na yote yalifumuliwa.

Koko aliacha kufuma siku nzima. Kisha akamalizia, maana kazi ilikuwa imebaki kidogo na mkono una mazoea yake. Ijumaa mchana alifunga kitanzi cha mwisho. Nyota ililala mezani bila kunyanyuka hata ncha moja.

Ndipo akamwonyesha Fanny ile mikia mitatu. Akamkumbusha kwamba Protais aliapa hajawahi kuleta mke nyumbani. Fanny alikuwa amekwisha kumpigia Protais simu kumwambia kazi imekwisha, na hakutaka kusikia.

"Koko, weye unasoma nyuzi kama vile bale watu wenye wanasomaga mikono sokoni," alisema. "Uulize mama yake. Atakuambia walikuwa wanashonashona tu."

Jumapili baada ya misa walifika. Protais alisimamisha pikipiki nje, akabaki kuongea na majirani. Alikuwa kijana wa sauti ya chini, shati limepigwa pasi, na alikuwa na tabia ya kumshika Fanny juu kidogo ya kiwiko kila alipomwambia jambo. Fanny alikwenda dukani kuchukua soda. Ndani wakabaki akina mama wawili na nyota katikati yao.

Mama Libérate alizungusha kidole kwenye pindo lote, kona kwa kona. Alipofika alipoanzia, alivuta kiti, akakaa.

Koko akapanga ile mikia mitatu juu ya meza. "Mama, hizi nyuzi ni za nani?"

"Kitambaa ni cha zamani. Kilitengenezwa."

Koko alimweleza polepole, bila ugomvi, kwamba kutengeneza huvuta mahali pamoja, na hapa ukingo wote umevutwa. Alimwambia yeye ni mtu wa darasa la nne tu, barua humsumbua, ila hiki anakisoma. Mama Libérate alitazama mlango. Sauti ya Protais ilisikika nje, akiwachekesha watu.

"Ni miye nafumuaga," akasema. "Kila mara binti moja akienda, nafumua. Siwezi kutandika meza na mukono ya muntu mwenye hayuko."

"Walienda wapi?"

"Protais anasema walirudia kwabo."

"Na weye, ulifika kwabo kuuliza?"

Mama Libérate alizikusanya zile nyuzi kwa ncha ya kidole, akazitenganisha tena. "Huyu wa kwanza, mama yake alikuya kumutafuta kwangu."

Mama Libérate akainama karibu, akazungumza haraka. "Juu ya nini unafikiri naleta hii nyota? Kwetu kuko vitambaa vya kona ine, kila binti anaviweza. Naleta hii juu washindwe. Hii mila tu njo Protais anaogopa. Na kila mara iko mama moja, ao koko, mwenye anamusaidia binti."

Koko alichukua nyota, akatafuta mahali alipofungia, akakata fundo kwa meno. Akavuta. Pindo la kroshe likipata mwanya halibishani. Vitanzi viliachiana kimoja baada ya kingine, ncha ya kwanza, bonde, ncha ya pili, uzi ukimiminika mapajani mwake. Kazi ya siku nne ilikuwa inakwisha kabla ya mtu kumaliza glasi ya maji. Zilikuwa zimebaki ncha mbili aliposikia viatu kwenye saruji ya mlango.

Protais aliingia, na Fanny nyuma yake na chupa za soda. Kijana alitazama lile rundo la uzi. Hakukasirika. Alisema tu, kwa heshima, kwamba alisikia kazi imekwisha. Koko akajibu kwamba mjukuu wake ameshindwa, naye anasafisha ili warudishiwe kitambaa chao.

Protais akamgeukia Fanny, akamshika pale juu ya kiwiko. "Uliniambia kwa simu imeisha. Iliisha ao haikuisha?"

Fanny alimtazama Koko kwa hasira, mdomo umekwisha kufunguka. Kisha akaona meza. Mama Libérate alikuwa amefunika ile mikia mitatu kwa kiganja, na kiganja kilikuwa kinatetemeka hivi kwamba meza yenyewe iligonga ukuta, taratibu, tena na tena. Mtu hatetemeki hivyo kwa sababu ya kitambaa kilichotengenezwa. Fanny akazikumbatia chupa kifuani.

"Nilikudanganya," akasema. "Nilikuwa na haya. Kona zilinishinda."

Protais alimwachia mkono, akatabasamu, akatoa leso na kujifuta vidole kimoja kimoja.

"Hii ni mambo ya wazee," akasema. "Na wazee walishakufa. Nitakuya na kitambaa kingine, cha kona ine. Mama, twende."

Mama Libérate alikunja nyota yenye pindo la ncha mbili na uzi unaoburuzika. Alipopita, Koko alinyoosha mkono amshike, lakini kijana alikuwa amesimama mlangoni akiwatazama wote wawili, na mkono ukarudi.

Pikipiki iliwaka. Fanny alikaa chini sakafuni, chupa bado kifuani. Koko hakumwacha akae. Alimwambia achukue karti yake ya kitambulisho na viatu, nguo aziache. Watapita nyuma kwenye uzio wa Ernestine jirani, washuke ufukweni mwa ziwa wapate mtumbwi wa kwenda Baraka kwa mjomba wake Damien. Leo, jua likiwa bado juu. Fanny akauliza kwa sauti ndogo kama kweli haiwezi kungoja kesho.

Koko aliinua kidole wasikilize. Pikipiki ilikuwa imeshuka mpaka kwenye njia kubwa, mahali ambapo mtu wa kurudi Nyakabere hugeuka kushika njia ya Kiliba. Ikanguruma pale kidogo, halafu ikazimika. Walingoja iwake tena. Haikuwaka. Koko akasukuma komeo la mlango wa mbele, akamshika Fanny kiganja, wakatokea mlango wa jikoni bila kuvaa viatu.