Hongo ya Gauni Jeupe

Nimechoka mimi. Sisemi kuchoka kwa miguu, miguu nimeizoea. Nimechoka kunusa makwapa ya watu kwenye nguo ninazoambiwa hazijavaliwa.

Nauza nguo kwenye duka la Omari, pale Ng'ambo. Zamani tulikuwa na maandishi ukutani kama wenzetu wote: mali ikishauzwa hairudi. Amani tele. Kisha Omari akaenda Dar, akaona maduka makubwa yanapokea nguo isiyomkaa mteja, akarudi na bango lake: "Isipokukaa, irudishe." Jamani! Ukiwaambia watu hivyo, umewaambia waazime. Ijumaa wananunua, Jumamosi harusi, Jumatatu asubuhi wamejipanga mlangoni, wote nguo hazikuwakaa. Kuna baba mmoja alinirudishia suti, mfukoni mna paja la kuku limefungwa kwenye tishu. Namwonyesha, ananiambia nimeliweka mimi.

Bingwa wao ni Mama Levina. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi wa Kwihara, kwa hiyo ni watani, na ukimkasirikia mtani watu watasema hukulelewa. Analijua hilo vizuri. Kila nikishika vazi alilorudisha na kuanza kununa, ananiwahi.

"We Koleta, babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, hawakulalamika. Wewe kigauni kimoja tu kinakuelemea?"

"Na babu zako walikaa njiani wakiwatoza hongo ndipo wawaache wapite. Mpaka leo hamjaacha!"

Tunacheka. Yeye anaondoka na hela yake, mimi nabaki na vazi lenye jasho. Hata kile kicheko kinanichosha.

Mwezi uliopita Omari alikuta magauni kabatini yana madoa ya kwapa. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema tu, "Koleta, likirudi jingine limevaliwa, na wewe urudi kwenu Kwihara."

Kwihara narudi kwenye nini? Shamba la baba wamegawana kaka zangu, na wanangu wanasoma hapa hapa mjini kwa mshahara huu huu. Nikamwambia basi ondoa bango. Akasema bango linaleta wateja.

Wiki ya Komunio ya Kwanza, nani kaingia? Mama Levina, macho yote kwenye gauni jeupe la bei kubwa kuliko yote dukani, lile lenye neti na maua kifuani. Nilimwomba. Haki ya Mungu nilimwomba, wala sikutania. "Mama Levina, hili likirudi, kazi sina."

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Mnyamwezi na kilio! Lisipomkaa mtoto nifanyeje? Bango si lenu?"

Omari alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Akamfungia gauni mwenyewe, tena akamwambia karibu tena.

Jumapili kanisani nilikaa benchi la nyuma yao. Levina kapendeza, uongo dhambi. Lakini alipoinamisha kichwa kusali, nikaiona lebo yetu ya bei. Haikukatwa. Imechomekwa ndani ya gauni, uzi wake unachungulia shingoni. Mahubiri sikuyasikia tena. Nikasema, siku za mwizi arobaini, na ya leo ndiyo ya arobaini.

Kwenye sherehe sikualikwa, lakini mtani haalikwi. Nilikuta turubai, muziki, na harufu ya pilau. Watoto wamekaa mkekani wanakula na kusukumana. Levina alisimama peke yake karibu na keki, mikono kaitenga na mwili, haongei na mtu. Nikasema moyoni, maringo ya mama yake hayo.

Nikapita uani kwa wapishi. Nikajipaka mafuta ya kupikia viganjani, nikapangusa masizi kwenye sufuria la pilau mpaka mikono ikawa myeusi tii. Hakuna aliyeniuliza, masizi na utani vinajuana. Nikatokea mbele ya watu.

"Haya Wagogo! Mnyamwezi amekuja kuchukua hongo ya babu zake!"

Vigelegele vikapigwa. Mama Levina nikampaka mashavu yote, naye akacheka huku akinisukuma. Kisha nikamgeukia mtoto. Hapo akaacha kucheka.

"Koleta, huyo hapana. Koleta!"

Nikabandika viganja vyote viwili kwenye marinda yale meupe, nikavuta mpaka chini.

Watu walishangilia. Mama Levina akajichekesha. Angemkasirikiaje mtani mbele ya kadamnasi ile? Lakini macho yalimjaa machozi, na mimi niliyeungojea ushindi huo tangu kanisani nikaona aibu. Mtoto wa watu, siku yake ya Komunio. Nikamwangalia, nikingoja alie.

Levina alikuwa anaitazama michirizi ile ya masizi. Akaigusa kwa kidole. Kisha akamuuliza mama yake kwa sauti ndogo, "Mama, sasa halirudi dukani?"

Mama yake akatikisa kichwa. "Halirudi."

"Basi naweza kukaa?"

Yesu na Maria! Kumbe tangu kutoka kanisani mtoto yule hakuwa amekaa. Hakula, hakunywa hata maji, asije akalichafua gauni la watu. Mama yake alijifunika uso kwa khanga.

Levina akajitupa mkekani kwa wenzake na neti yake yote. Wakamsogezea sinia, akala kwa pupa, mchuzi ukimdondokea kwenye maua ya kifuani, wala hakuna aliyemkataza. Nikachuchumaa nyuma yake, nikaikata ile lebo kwa meno. Ilikuwa imemkwaruza shingo mpaka pamevimba.